Kikundi cha kusoma Mikindani: riwaya kwanza au filamu kwanza, na funzo tulitoeje?

MwanaMikindani

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba mwongozo kwa wanaoijua fasihi na kwa wanaojua mambo ya kuonyesha filamu.

Kikundi chetu kina watu 18, umri kati ya miaka 17 na 30. Wengi wameishia kidato cha nne, wachache wako vyuoni Mtwara mjini, na karibu nusu wana mikorosho yao au wanasaidia ya wazazi. Mpango ni kusoma riwaya zilizosifika, kutazama filamu zilizotokana nazo, kisha kuzungumza habari za maisha. Ukumbi upo, bati tupu bila dari. Nakala za vitabu ni za kuhesabu, na Kiingereza cha wengi ni cha kuungaunga.

Tatizo ni kwamba kila tukimaliza kutazama, maneno ni "filamu kali", halafu mmoja anasema "tumejifunza tusiwe na tamaa", tunafunga mlango. Je, tuanze na kitabu au filamu? Riwaya zipi zinamgusa mtu wa huku? Na funzo linatolewaje hadi mtu alitumie?

Mwalimu wa Fasihi, Lindi

Hilo la "tusiwe na tamaa" linakuja kwa sababu swali lenu halina meno. "Tumejifunza nini?" ni swali ambalo hata aliyesinzia ukumbini atalijibu. Ulizeni hivi: filamu imebadilisha nini kilichokuwa kitabuni, na badiliko hilo linamfurahisha nani? Filamu ina saa mbili tu. Mwongozaji lazima akate, na mara nyingi anachokata ni hesabu, madeni, barua na miaka ya kungoja. Funzo lenu linakuwa limeangukia pale pale penye mkasi.

Mfano ni Great Expectations. Charles Dickens aliitoa vipande vipande gazetini, 1860 hadi 1861. Filamu inayosifiwa zaidi ni ya David Lean ya 1946, nyeusi na nyeupe, chini kidogo ya saa mbili. Kitabu kina sura 59, kwa hiyo msijitie kukisoma chote. Chukueni sura ya 27, ya 34, ya 39 na ya 57, zilizobaki mtu mmoja awasimulie.

Sura ya 34 ndiyo dhahabu. Pip, kijana aliyelelewa na fundi chuma, ameahidiwa utajiri na mtu asiyemjua, sasa yuko London anaishi kwa mkopo. Yeye na mwenzake Herbert wanapanga siku ya kuyakabili madeni. Wanaanza kwa kuagiza chakula cha nguvu na chupa ya maana, kisha wanaleta kalamu, wino na karatasi nyingi nzuri. Pip ana ufundi wake: ikiwa deni la Herbert ni pauni 164, shilingi 4 na peni 2, anasema tuache nafasi, tuandike 200. La kwake likiwa mara nne ya hilo, anaandika 700. Anajiona mtu wa mipango kwelikweli. Halafu anakiri mwenyewe kwamba ile nafasi waliyoiacha waliijaza mara moja kwa madeni mapya.

Msomee ukurasa huo mtu mwenye daftari la mkopo wa salfa, dawa ya mikorosho, mwezi wa saba, korosho ikiwa bado ua. Hutaeleza kitu.

Sura ya 27 Joe, yule fundi chuma aliyemlea, anakwenda London kumtembelea. Hajui kofia yake aiweke wapi. Anaiegesha pembeni mwa rafu ya juu ya meko, inaanguka. Anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Pip anaona aibu. Sura ya 57 Pip anakamatwa kwa deni la sonara, pauni 123, shilingi 15 na peni 6, na yuko hoi kwa homa. Anayemuuguza ni Joe. Pip akipata nafuu, Joe anaondoka asubuhi bila kumwamsha, ameacha kibarua kifupi na risiti: deni limelipwa. Waulizeni wenzenu nani hapo ukumbini ana Joe wake kijijini, na mara ya mwisho alimpigia simu lini. Hilo ni funzo lenye namba ya simu.

Kuhusu mwisho: kwenye filamu Pip anararua mapazia ya nyumba ya Miss Havisham, mlezi tajiri wa Estella, jua linaingia, anatoka na Estella, binti anayempenda, mkononi. Kitabuni nyumba ile imeshabomolewa, na kabla ya kukutana tena Pip amekaa miaka 11 akifanya kazi ya ukarani ng'ambo, anaishi kwa kubana na kulipa madeni yake. Tena mwisho wa kwanza alioandika Dickens, Estella ameolewa na mwingine, wanasalimiana barabarani wanaachana. Aliubadilisha kwa ushauri wa rafiki yake, mwandishi Bulwer-Lytton. Miisho mitatu hiyo. Wagawe watu makundi matatu, kila kundi litetee mmoja kwa dakika kumi.

Kwa hiyo jibu langu ni kitabu kwanza, japo vipande tu.

Fundi Projekta, Masasi

Mimi nasemea vyombo, maana maonyesho mengi yanafia hapo kabla hata ya kufikia funzo.

Bati bila dari ni adui wa kwanza. Mvua za huku zinaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na matone yakipiga bati hakuna spika ya kawaida itakayoyashinda. Miezi hiyo someni. Filamu wekeni Mei hadi Septemba, kabla watu hawajapotelea kwenye korosho. Mwangwi mnaupunguza kwa kutandika mikeka chini na kutundika makhanga ukuta wa nyuma. Spika ikae chini ya kioo, mbele, usawa wa kifua cha aliyeketi. Ikiwekwa nyuma ya watu, masikio yanakwenda huku na macho kule, na mtu anachoka bila kujua kwa nini.

Kioo ni shuka jeupe la pamba lililopigwa pasi, upana mita 2, na nyuma yake kitambaa cheusi ili mwanga usivuje. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 3 hivi. Lumeni (kipimo cha mwanga) 2,000 hadi 3,000 zinatosha ukumbi ukiwa na giza. Za madukani zilizoandikwa 9,000 kwenye boksi na bei ya simu ya kitochi, msidanganyike.

Umeme ukikatika, hesabu ni hii. Projekta ya taa ya kawaida inakula wati 250 hivi, laptopu 60, spika 50: jumla 360. Saa mbili ni wati-saa 720, na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri, nayo inapoteza asilimia kama 15, hivyo mnahitaji karibu 850. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100 ina 1,200 kwa maandishi, lakini ukiivuta kupita nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Haifiki mwisho wa filamu. Mkipata projekta ya LED ya wati 80, jumla inashuka hadi 190, saa mbili na hasara ya inveta ni kama 450, na betri hiyo hiyo inatosha. Ile ya taa msiizime kwa kuchomoa waya. Acheni feni imalize kuzunguka, la sivyo balbu inakufa mapema.

Maandishi ya chini, yaani tafsiri inayosomwa chini ya picha: faili lake lipewe jina lile lile la faili la filamu na vikae folda moja, na lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Yakitangulia au yakichelewa, kwenye programu ya VLC herufi H inayachelewesha na G inayawahisha, milisekunde 50 kila ukibonyeza.

Na mkitoza kiingilio, hata shilingi mia tano, hiyo si kikundi tena, ni maonyesho ya hadharani. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri awaeleze vibali, na haki za mwenye filamu nazo zipo pale pale.

Mwana-AMCOS, Tandahimba

Mwalimu kaanza na Ulaya ya mabwana wa kofia. Kwa watu wa korosho mimi ningeanza na Animal Farm ya George Orwell, 1945. Sababu ya kwanza ni kwamba ipo kwa Kiswahili: Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, 1967. Sababu ya pili, sura ni 10 tu. Sura mbili kwa wiki, wiki tano mmemaliza.

Watu wanaisoma kama habari za wakubwa huko mbali, wanamtafuta nani ni nguruwe gani. Achaneni na hilo. Mtazameni Clover, yule farasi jike. Anazijua herufi lakini hawezi kuunganisha maneno. Nguruwe wanapohamia nyumbani kwa mwenye shamba na kulala vitandani, yeye anakumbuka kuna amri inayokataza. Anakwenda ukutani, anashindwa kusoma, anamwita mbuzi Muriel amsomee. Muriel anasoma: mnyama asilale kitandani chenye shuka. Clover hakumbuki shuka. Lakini kwa kuwa limeandikwa, anadhani kumbukumbu yake ndiyo mbovu. Amri ya pombe nayo inaongezwa "kupita kiasi". Ya kuua inaongezwa "bila sababu". Neno moja au mawili tu mwisho wa sentensi.

Funzo la kutumia: kila mwanachama wa kikundi mwenye shamba aombe muhtasari wa mkutano mkuu wa chama chake cha ushirika (AMCOS), wa mwaka jana na wa mwaka huu, aviweke sambamba, apige mstari chini ya kila neno lililoongezwa. Kisha achukue stakabadhi yake ya malipo asome safu ya makato, moja baada ya jingine, na kila kato alijue linakwenda wapi. Kazi ya jioni moja.

Halafu kuna punda Benjamin. Anasoma vizuri sawasawa na nguruwe yeyote, ila hataki kusoma chochote, anasema hakuna kinachostahili. Siku gari linakuja kumchukua Boxer, farasi mchapakazi aliyechoka, ndipo anapasua sauti na kuwasomea wenzake maandishi ubavuni: ni gari la mchinja farasi. Hapo hapo gari linaondoka naye. Kila kijiji kina Benjamin, na mara nyingi ndiye aliyesoma kuliko wote.

Sasa filamu. Ile ya katuni ya 1954, kama saa moja na robo, imegeuza mwisho: wanyama wanainuka na kuwapindua nguruwe, na anayewaongoza ni Benjamin. Kitabuni hakuna kuinuka. Wanyama wanachungulia dirishani, wanatazama nguruwe, wanatazama mtu, hawaoni tofauti, basi. Inajulikana kwamba fedha za katuni hiyo zilitoka kwa majasusi wa Marekani, CIA. Hapo swali la Mwalimu la "linamfurahisha nani" linajijibu.

Dada wa Mirathi, Lindi

Mmewasahau wasichana. Kwenye 18 hao najua wapo.

Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813. Ipo tamthilia ya BBC ya 1995, vipindi sita, na filamu ya Joe Wright ya 2005, kama saa mbili. Wote wanaitazama kama habari ya mapenzi. Mimi nasema ni kitabu cha mirathi kilichovaa gauni.

Bwana Bennet ana kipato cha pauni 2,000 kwa mwaka na mabinti watano. Shamba limefungwa kisheria: lazima lirithiwe na mwanamume, kwa hiyo akifa linakwenda kwa Collins, binamu wa mbali. Filamu ya 2005 inamfanya Bennet baba mpole mwenye mzaha, unampenda. Fungua sura ya 50 ya kitabu. Pale anakiri moyoni kwamba alipaswa kuweka akiba kila mwaka, hakuweka hata senti. Kwa nini? Alipooa, kubana matumizi kulionekana hakuna maana, kwa sababu bila shaka atazaliwa mtoto wa kiume, na huyo akifikia utu uzima watashirikiana kukifungua kile kifungo cha urithi. Wakaja mabinti watano mfululizo, na mama bado alikuwa anamngoja wa kiume miaka mingi baada ya Lydia, binti wa mwisho. Walipokata tamaa, muda wa kuweka akiba ulikuwa umepita.

Huku kwetu mazungumzo yatakuwa matamu kuliko Uingereza, kwa sababu Wamakonde, Wamwera na Wamakua kwa asili walihesabu ukoo upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa. Mkiuliza "Collins wetu ni nani?", mmoja atasema baba mdogo, mwingine mjomba, na hapo msiwakatize. Kisha wapeni kazi: mikorosho ya nyumbani imeandikwa jina la nani, mipaka wanaijua mashahidi gani walio hai, na mzee ameandika wosia au anasema tu "mnajua wenyewe"?

Na Charlotte Lucas, jirani wa akina Bennet, msimcheke. Ana miaka 27, hana mali, anamkubali Collins akijua ni mpumbavu. Filamu inampa machozi na hasira ya dakika moja. Kitabu kinaonyesha namna alivyojipangia nyumba yake: chumba anachoketi amechagua cha nyuma, kisichovutia, ili mume abaki chumba cha mbele akitazama barabara. Hiyo ni akili ya mtu aliyekwisha kufanya hesabu.

Pwani Kusini

Nawaheshimu wote, lakini sielewi kwa nini Pip na Bennet wanatangulia wakati tuna Vuta n'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi, 1999. Filamu ya Amil Shivji, 2021, imezungumzwa Kiswahili, imefika hadi tamasha la Toronto. Zanzibar ya miaka ya 1950. Hakuna atakayehangaika na maandishi ya chini.

Hapa napingana na Mwalimu: hii anzeni na filamu. Imejengwa kwa picha na ukimya, na imeyaweka mbele mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati za uhuru. Mtu akitoka pale ana kiu, ndipo mpe kitabu. Kitabuni atakuta mwanzo wenye uzito mwingine: Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Raza mwenye duka, miaka 52. Shafi hana haraka na ndoa hiyo, anakukalisha ndani yake.

Kwenye mjadala watu watamshika Denge, mpigania uhuru aliyesoma Urusi. Mshikeni Mwajuma. Yasmin anapoikimbia ndoa, jamaa zake wanamkataa, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke wa uswahilini asiye na kitu zaidi ya chumba na kupenda taarabu. Bila chumba kile hakuna riwaya. Kazi ya kikundi: kila msichana, na kila mvulana mwenye dada, aandike milango mitatu ambayo binti anaweza kuigonga saa nane usiku. Majina na mitaa, si "ndugu" kwa ujumla. Wakifika mlango wa pili wakakwama, mmepata la kuzungumza.

Na umri ule wa miaka 15 si wa hadithini tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa umri huo kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mkifika hapo, mzee mmoja atataja unyago. Mkaribisheni.

Ya pili kwenu iwe Shujaa Okonkwo, ile Things Fall Apart ya Chinua Achebe ya 1958, ambayo Nigeria waliifanya tamthilia ya televisheni mwaka 1987, Pete Edochie akiwa Okonkwo. Mkulima aisome sura ya 3 tu: Okonkwo kijana anakopa mbegu 800 za viazi vikuu kwa Nwakibie, na mwaka huo huo ukame unakuja, kisha mvua isiyokatika. Alikuwa ameshapanda mbegu zake 400 kwenye mvua ya kwanza, zikaungua. Zile za mkopo alikuwa hajazitia ardhini.

MwanaMikindani

Asanteni sana, wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali moja limebaki: kwa zile za Kiingereza, kuna kijana anayetafsiri filamu kwa sauti kwenye kibanda cha video. Tumwite atutafsirie Great Expectations?

Mwalimu wa Fasihi, Lindi

Hapana, na si kwa kumdharau. Kazi yake ni kuchekesha na kusukuma filamu mbele. Penye ukimya ataweka maneno, na Joe kumwita Pip "bwana" kutageuka kichekesho. Nyinyi mnataka ukimya ule.

Tafsirini wenyewe, lakini si filamu nzima. Chagueni matukio matatu: kofia ya Joe, kurudi kwa Magwitch, mfungwa aliyekuwa akimfadhili Pip kwa siri, usiku wa tufani, na mapazia. Kila tukio watu wawili. Mistari isizidi miwili kwenye kioo, na kila mstari ukae chini ya herufi 40, kwa sababu maneno yetu ni marefu na msomaji wa polepole ataachwa. Muda wa chini ni sekunde 3. Panapozidi, kateni maneno msikate muda. Sehemu nyingine zote mtu mmoja asimame pembeni aeleze kwa sentensi moja kabla ya tukio kuanza, kisha akae kimya.

Na simamisheni filamu mara mbili tu. Kwenye kofia, ili waseme wangefanya nini wao wangekuwa Pip. Na sekunde chache kabla ya mapazia, kila mtu aandike kwenye karatasi mwisho anaoutarajia, akunje, aweke kwenye kapu. Mzisome baada ya taa kuwaka.

Pwani Kusini

Nakubali, Mwalimu. Ila Vuta n'kuvute ikae Mei, kabla ya Pip.

Mwalimu wa Fasihi, Lindi

Mei. Projekta ya LED, lakini.